Nimenunua hedifoni ya Stax SR-5 ya miaka ya sabini, sikio la kushoto limefifia: kazi ya kuifufua hapa Lamu

Sauti_ya_Langoni (mwanzisha uzi)

Assalaam aleykum wanajukwaa. Uzi huu nitauandika kwa vipande kadiri kazi inavyokwenda, kwa hiyo anayependa mambo ya sauti avute kiti.

Kwanza sababu. Marehemu ami yangu alikuwa na kinasa sauti cha kaseti na alikuwa akikibeba kila panapopigwa udi, ile ala ya nyuzi: harusini, na usiku wa kawaida tu watu wakikaa dakani (barazani). Ameacha mfuko wa kaseti 43. Nyingine zimeota ukungu, nyingine ziko salama. Tangu mwaka jana nazihamishia kwenye kompyuta moja moja. Shida ni kwamba kwa hedifoni ya kawaida siwezi kutofautisha mkwaruzo wa utepe na mkwaruzo wa risha (kile kijiti cha kupigia) kwenye uzi wa udi. Nikisafisha kelele naogopa nafuta na risha. Rafiki wa Mombasa aliniwekea hedifoni ya elektrostatiki masikioni kwa dakika kumi hivi, nikasikia mpiga udi akivuta pumzi kabla ya kuanza. Tangu siku ile nikawa natafuta ya kwangu.

Kwa wasiozijua: hedifoni ya kawaida ina sumaku na koili inayosukuma koni. Hii haina sumaku wala koili. Ina filamu ya plastiki, nyembamba kuliko unywele mara nyingi, imepakwa kitu kinachopitisha umeme kidogo sana, ikavutwa katikati ya mabamba mawili yenye matundu. Filamu inapewa umeme wa kudumu, volti 230 kwa modeli hizi za zamani, nao ndio unaoitwa bayasi. Muziki unapelekwa kwenye yale mabamba. Bamba moja likivuta, la pili linasukuma, na filamu nzima inakwenda kwa pamoja kama tanga lililojaa upepo. Kwa kuwa haina uzito wa kusema, inafuata kila kitu. Stax wa Japani walitoa ya kwanza, SR-1, mwaka 1960.

Yangu ni SR-5 na kisanduku chake SRD-7. Kisanduku kinaungwa kwenye matundu ya spika ya amplifaya, si kwenye tundu la hedifoni, na kina waya wake wa umeme wa kutengenezea bayasi. Nimeinunua Mombasa kwa muuzaji wa vifaa vilivyotumika vinavyoshuka na makontena ya Japani. Shilingi 22,000. Akaniapia kwamba imejaribiwa na masikio yote mawili yanalia sawasawa. Nikaifunga kwa kikoi, basi mpaka Mokowe, boti mpaka hapa.

Nyumbani: kulia kunalia vizuri. Kushoto kunaanza vizuri, baada ya dakika tano sita sauti inapungua mpaka naona mwimbaji amehamia upande wa kulia wa kichwa changu. Juu yake kuna mlio mwembamba kama mbu. Muuzaji nilipompigia akasema kitu kikishavuka maji si chake tena. Limeniuma, lakini kitu ninacho mkononi na nataka kilie. Nianzie wapi?

Transfoma_Msa

Waaleykum salaam. Usiguse bisibisi kwanza. Nijibu matatu.

Moja, nyuma ya SRD-7 pameandikwa volti ngapi? Kama ni ya soko la Japani ni 100. Ukiichomeka kwenye 240 yetu utaiunguza, kwa hiyo lazima kuwe na transfoma ya kushusha katikati. Mbili, badilisha waya za kushoto na kulia kwenye amplifaya, uniambie udhaifu umehama au umebaki sikio lile lile. Tatu, zima kila kitu, chomoa plagi, ngoja robo saa ili kapasita zishushe umeme wake, kisha pima ukinzani wa kila transfoma ya sauti ndani ya kisanduku, kushoto na kulia. Zinatakiwa zifanane.

Na tafadhali, kisanduku kikiwa na umeme mkono usiingie ndani. Bayasi peke yake inapitia rezista kubwa, itakushtua tu. Lakini pale ndani pana umeme wa ukutani, na waya za mabamba zinabeba mamia ya volti muziki ukipanda.

Sauti_ya_Langoni

Ahsante kaka. Majibu: pameandikwa 100, na transfoma ya kushusha nilinunua siku ile ile. Nimebadilisha waya, udhaifu umebaki kushoto, kwa hiyo amplifaya haina kosa. Transfoma mbili za ndani zinasoma sawasawa, tofauti haifiki hata ohmu moja.

Ila nimepima bayasi kwenye tundu la hedifoni kwa mita yangu ya kawaida nimepata volti 152. Inatakiwa 230. Je, kisanduku ndicho kinachokufa?

Kijana_wa_Shela

Bro weka hedifoni kwenye mchele siku tatu. Simu yangu iliingia maji ya bahari nikaiweka mcheleni ikawaka.

Mzee_wa_Santuri

Mwanangu wa Shela, nia yako njema lakini mchele hapana. Mchele una unga. Chembe moja ya unga ikipita kwenye tundu la bamba ikatua juu ya filamu, ndiyo huo mlio wa mbu alioutaja mwenzako. Filamu ina umeme, inavuta vumbi kama vile kioo cha televisheni ya zamani kilivyokuwa kikivuta.

Nawaambia nilichokiona. Miaka ya nyuma nilikuwa nikifanya kazi kwenye nyumba ya Mtaliano Malindi, ana zile spika za Quad za elektrostatiki, aina ya kwanza iliyotoka Uingereza mwaka 1957. Panapoingia masika, mvua zikashika na kusi likaanza kuleta unyevu wa bahari ndani, spika zinaanza kutatarika kama mafuta ya kukaangia, na sauti inashuka. Panapoingia kaskazi, zinapona zenyewe. Yule bwana alikuja kuweka taa ndogo karibu na spika, inawaka usiku na mchana kupasha hewa, na kelele zikapungua hata kwenye mvua.

Umeme wa filamu ni mdogo mno. Unyevu wenye chumvi ukikaa juu ya plastiki inayoshikilia filamu unakuwa njia, na umeme unavuja kidogo kidogo. Sikio lina joto na jasho, ndiyo maana kwako linaanza vizuri kisha linafifia. Kikaushe kitu kwanza, kabla hujafungua hata skrubu moja. Huku kwetu pwani nimeona watu wakitupa vitu vizima.

Tafuta vile vifuko vya chembe za kukausha, silika, vinavyokuja na viatu na kamera. Vya viatu vingi vimeshakwisha nguvu, vikaange kwanza moto mdogo. Weka hedifoni ndani ya chombo kinachoziba kabisa, pamoja na silika, wiki nzima. Jua usilitumie, linalegeza gundi.

Transfoma_Msa

Mzee amemaliza. Mimi nirudi kwenye ile 152, kwa sababu watu wengi wanavunja kisanduku kizima hapa.

Kisanduku chako hakifi. Mita yako ndiyo inayokunywa umeme. Mita ya kawaida ya dijitali ina ukinzani wa megaohmu 10 ndani yake. Mbele ya bayasi kuna rezista ya ulinzi, mara nyingi karibu megaohmu 5. Ukiunga mita, umeme unagawana: 230 mara 10 gawa kwa 15, jibu 153. Umepata 152. Bayasi yako ni nzima. Filamu yenyewe hainywi kitu, kwa hiyo inapata 230 yake.

Tena chanzo cha bayasi ni kimoja kwa masikio yote mawili. Kingekuwa kimekufa, kulia nako kungelia vibaya. Ugonjwa uko ndani ya sikio la kushoto.

Sauti_ya_Langoni

Nimesoma hesabu hiyo mara tatu, na moyo umetulia. Nilikuwa nimeshaanza kuuliza bei za kapasita.

Nimepata silika kwa mpiga picha wa hapa Mkomani, ile ya buluu inayogeuka waridi ikishiba maji. Nimeikausha kwenye sufuria kuukuu isiyopikiwa chakula, moto wa chini, mpaka buluu ikarudi. Ile rangi ni kemikali, msiikaushe kwenye chombo cha jikoni na msiivute moshi wake. Hedifoni iko ndani ya chombo cha plastiki cha kuwekea unga, kile chenye mpira kwenye mfuniko, kimeoshwa na kukaushwa. Kipimo changu kidogo cha unyevu kilisoma asilimia 81 chumbani asubuhi ya leo. Ndani ya chombo, saa sita baadaye, 38.

Tuonane wiki ijayo inshallah.

BintiGede

Hamjambo wote. Mimi niko Malindi na nimevutiwa sana na uzi. Maswali mawili kwa mzee na kaka Transfoma. Kuna mtu hapa anauza Stax SR-40 bei ndogo sana. Inaweza kutumia kisanduku kama hiki? Na nimesikia kwamba hizi ukizibana kichwani zinatoa mlio kama shuzi. Ni kuharibika?

Transfoma_Msa

Dada, SR-40 ni jamii nyingine. Umeme wake wa kudumu umefungiwa ndani kiwandani, hauhitaji bayasi ya nje. Kisanduku chake ni SRD-4. Usiichomeke kwenye SRD-7. Nayo ikishapoteza ule umeme wa ndani, huna pa kuurudishia, kwa hiyo lazima uisikilize mwenyewe kwa nusu saa kabla ya kulipa.

Angalia pia plagi. Ya zamani ina pini sita, bayasi 230. Zilizofuata, zinazoitwa Pro, zina pini tano, bayasi 580. Ya pini tano inaingia kwenye tundu la pini sita na inalia kwa sauti ya chini, hakuna madhara. Ya pini sita haiingii kwenye tundu la Pro kwa sababu pini ya katikati inazuia. Nimeona fundi mmoja ameikata ile pini ili ilazimike kuingia. Usimruhusu mtu afanye hivyo kwenye chombo chako.

Ule mlio unapoibana ni hewa inasukuma filamu mpaka inagusa bamba. Si kuharibika. Ila usifanye mchezo wa kuibana-bana.

Sauti_ya_Langoni

Nimerudi. Siku nane ndani ya chombo.

Sikio la kushoto limerudi. Nimesikiliza saa nzima na nusu, halikufifia. Mzee, Mwenyezi Mungu akulipe. Ningekuwa nimefungua na kuosha kama nilivyotaka siku ya kwanza, ningekuwa nimeharibu filamu iliyokuwa nzima.

Umebaki mlio wa mbu, mdogo kuliko mwanzo. Huo haukuwa unyevu, kwa hiyo leo nimefungua.

Nimefanya kazi alfajiri, kabla punda hawajaanza kupita usitani (kichochoroni) na mizigo ya mchanga, nikafunga madirisha na kunyunyiza maji sakafuni kidogo ili vumbi litulie. Mto wa sikio ulikuwa umekwisha: ngozi bandia inamenyuka kama magamba meusi, na sponji ya ndani imekuwa kama makapi ya kahawa yaliyolowa. Ukiigusa inabaki kidoleni. Nikautoa taratibu, uso wa hedifoni ukiangalia chini, ili kinachoanguka kianguke mezani na si ndani. Nilitandaza karatasi nyeupe chini. Chembe zilizoanguka zilijaza nusu kijiko cha chai.

Kwa tochi nikaliona bamba: matundu madogo safi, na upande mmoja, karibu na ukingo, chembe nne za sponji zimenasa. Moja ilikuwa imeingia nusu ndani ya tundu. Ndiyo mbu wangu.

Kilichofanya kazi ni brashi laini ya rangi za maji, mpya, kavu. Uso ukiwa chini, nikapitisha brashi kuelekea ukingoni bila kukandamiza. Tatu zikaanguka. Ile ya nne nilitumia ule mpira wa kusafishia lenzi za kamera, unaobonyezwa ukatoa hewa, kwa mbali, pembeni, si moja kwa moja. Msipulize kwa mdomo, pumzi ina maji. Msitumie mashine ya kujazia matairi, itapasua filamu.

Kapsuli yenyewe, yaani mabamba na filamu yake, sikuifungua. Filamu imevutwa kiwandani kwa kipimo na kubandikwa. Mimi sina uwezo wa kuivuta tena vile, na nadhani wengi wetu hatuna.

Ilikuwa na kinga ya vumbi ya plastiki nyembamba upande wa sikio, ambayo imechanika. Nimeweka ile plastiki nyembamba ya kufunikia chakula, imelegea kidogo makusudi. Ukiivuta ikakaza kama ngoma inaanza kulia yenyewe. Ilinichukua majaribio matano.

Nimefunga, nimechomeka, nimengoja dakika kumi. Kimya. Kimya kabisa kushoto na kulia.

Mzee_wa_Santuri

Mashallah. Sasa mito. Bila mto unaoziba vizuri hutapata besi hata kidogo. Hewa inatoroka pembeni na sauti nzito inatoroka nayo.

Sauti_ya_Langoni

Mito imenipa furaha kuliko yote.

Kuagiza kutoka nje kungenigharimu karibu theluthi ya bei ya hedifoni. Shemeji yangu anashona kofia za vito, zile za mkono, zinazochukua miezi. Nilimpelekea mto wa zamani. Akaugeuza, akahesabu mishono ya kiwandani, akasema huu ni ushoni wa haraka, mimi naweza kufanya bora. Nikampa ngozi laini ya mbuzi na sponji mpya yenye unene ule ule. Akashona kwa sindano yake ya kofia, mishono midogo sana imekaa ndani isiguse ngozi ya mtu. Kila sikio jioni mbili. Ukiweka kichwani, kelele za nje zinapungua kidogo hapo hapo, na besi imerudi. Si besi ya kutikisa, ila kamba nene ya udi sasa ina mwili.

Amekataa pesa. Nimempelekea kilo tatu za samaki changu.

Kijana_wa_Shela

Hongera bro. Sasa niambie ukweli, hizi zitapiga vizuri nyimbo zetu za siku hizi, zenye besi nzito? Nina hela kidogo nataka kuingia.

Sauti_ya_Langoni

Ukweli ni kwamba hapana. Kama muziki wako unataka kifua kitetemeke, nunua hedifoni nzuri ya kawaida na hela nyingine itabaki. SR-5 haishuki chini kiasi hicho. Stax walipotoa Lambda mwaka 1979, yenye lile fremu la mstatili, wale walioisikiliza wanasema besi iliongezeka, lakini bei yake si ya kuanzia.

Kwa sauti ya mtu, udi, kanuni, fidla, dumbaki, sijasikia kinachoikaribia. Jana nilisikiliza rekodi za Zein l'Abdin, mpiga udi mzaliwa wetu wa Amu (Lamu), nikasikia kitu ambacho miaka yote sikukisikia: kidole cha kushoto kinavyoteleza kabla ya kutua kwenye noti. Nikasikiliza na Siti binti Saad, zile zilizorekodiwa Bombay mwaka 1928. Mkwaruzo wa santuri ni mwingi, lakini uko mbali, kama mvua nje ya dirisha, na yeye yuko chumbani.

BintiGede

Na kaseti za ami yako?

Sauti_ya_Langoni

Nilikuwa naziogopa kidogo, ndiyo maana nimechelewa kuziandika.

Kaseti ya kumi na saba haina maandishi. Kwa ile hedifoni yangu ya kawaida niliiandikia "udi, kelele nyingi, haifai". Juzi usiku niliirudia. Kelele ile si kelele. Ni mikono ya watu wakichezesha vikombe vya kahawa, visahani vinagongana, na nyuma yake mtu anachezea mashairi kwa sauti ya chini akisubiri udi uitikie. Dakika ya tisa punda analia usitani, watu wanacheka, na mmoja anamwambia mpigaji, "Endeya, nawe." Ni ami. Hii ni sauti yake akiwa kijana kuliko mimi nilivyo sasa, na ilikuwa humo miaka yote.

Ile programu ya kusafisha kelele nimeizima. Nahamisha kaseti zote upya, zikiwemo zile kumi na sita za mwanzo, bila kufuta kitu.

Transfoma_Msa

Allah amrehemu. Ukifika Mombasa, nakala moja ya kumi na saba niwekee.

Mzee_wa_Santuri

Amin. Kusi linakuja, usisahau silika. Ikigeuka waridi tu, kausha.

Sauti_ya_Langoni

Imeshageuka mara mbili tangu nianze. Hedifoni hailali nje ya chombo hata usiku mmoja, na kisanduku nakichomoa mvua ikianza kwa sababu ya umeme unaokatika na kurudi kwa nguvu.

BintiGede, kama SR-40 ile bado iko kwa muuzaji, nakuja Malindi Alhamisi ijayo kwa shughuli nyingine. Nitakuja na mita na kaseti moja. Twende tukaisikilize nusu saa, kisha ndiyo uamue.

BintiGede

Bado iko. Nimemwambia asiiguse mtu.